Bwana Chupa na Kituo Namba Nne

Katika maabara ya maji ya mji huo alikuwapo mtu mmoja aliyejulikana kwa chupa zake kuliko kwa sura yake. Wenzake walimwita Bwana Chupa, naye alikuwa amelizoea hilo kiasi kwamba akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho aligeuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Kazi yake ilikuwa moja. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alishuka mtoni na kisanduku cha barafu begani, akachota maji katika vituo saba vilivyopangwa na wakubwa, akayapeleka maabara yapimwe uchafu na vijidudu. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na saba, na hakuna aliyemzidi.

Msinielewe vibaya, alikuwa hodari kweli. Alijua kuizamisha chupa mdomo ukielekea juu ya mto, mkono ukiingia hadi kwenye kiwiko, asichote povu wala asivuruge tope. Kwa bahati mbaya alikijua kipaji hicho na yeye mwenyewe. Nyumbani hakuna aliyeweza kukinga glasi ya maji bila kuambiwa aache bomba litiririke kwanza. Siku ya harusi ya binti yake, mbele ya wakwe, alionekana akichota maji kwenye pipa kwa mkono uliozama hadi kwenye kiwiko, koti la suti likiwa limelowa mpaka begani. Mkewe alijifanya hamjui.

Kitu kingine alichojivunia ni madaftari yake. Yalikuwa kumi na manne, yenye majalada meusi, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa kwenye kabati ambalo ufunguo wake aliuning'iniza shingoni. Kila alichokiona mtoni alikiandika humo palepale, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino huchuruzika. Fomu za ofisi zilikuwa na visanduku tu, kimoja cha tarehe, kimoja cha namba ya kituo, kingine cha joto la maji, basi. Daftari lilikuwa na pambizo. Kwenye fomu mtu anaweza kujibanza nyuma ya visanduku, lakini kwenye daftari lake Bwana Chupa hakuwahi kudanganya hata mara moja.

Shida yote ilianzia hapo, kwenye tofauti ya fomu na daftari, na ilikuwa na mabawa.

Kituo namba nne kilikuwa chini ya daraja la chuma, upande wa nyumba ya mwanamke mmoja aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Juu kidogo ya daraja, hatua kama mia moja hivi, mfereji wa machinjio ulimwaga maji yake mtoni. Baina ya mfereji na kituo palikuwa na matete mengi, marefu kupita kichwa cha mtu. Kwa miaka minane Bwana Chupa alichota maji pale bila tatizo. Maji yalikuwa mabaya, akayaandika kuwa mabaya, wakubwa wakasikitika kama inavyowapasa, mambo yakaenda.

Ndipo yule dobi alipofuga bata bukini.

Alikuwa dume, mweupe, mwenye shingo ndefu na chuki binafsi. Dobi alijisifu mlangoni kwake kwamba bata yule ni mlinzi bora kuliko mbwa, na kwa hilo hakutia chumvi. Jumanne ya kwanza alimkimbiza Bwana Chupa hadi darajani. Ya pili alimuuma paja, karibu na mahali ambapo mwanamume hapendi kuumwa. Jumanne ya tatu Bwana Chupa alisimama juu ya daraja, akamtazama bata, bata akamtazama, na mfanyakazi wa serikali akafanya uamuzi. Alipanda juu hadi upande wa pili wa mfereji, akachota maji matulivu, safi, yasiyo na bata. Kwenye fomu akaandika kituo namba nne. Kwenye daftari, pambizoni, akaandika ukweli wake: "Juu ya mfereji. Bata."

Kutoka kule juu, penye mwinuko uliopita matete, alimwona dobi ameinama kwenye beseni lake. Yule mama alinyoosha mgongo akapaza sauti:

"We kijana! Maji mazima?"

"Mazima, mama!" Bwana Chupa akajibu kwa sauti ileile, na kwa maji aliyoyashika mkononi alikuwa anasema kweli.

Mwezi uliofuata hivyohivyo, na mwezi ule mwingine. Majibu ya kituo namba nne yakashuka ghafla, yakawa mazuri ajabu. Mkuu wa maabara wa wakati huo aliita kikao, akasema hayo ndiyo matunda ya uongozi wake, akapata barua ya pongezi. Bwana Chupa naye alipata hati ya shukrani, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Mtu mwenye hati ukutani anaanzaje kumtaja bata?

Sasa nitasema jambo ambalo yeye hakupenda kulisikia. Bata yule alikufa. Alikufa kwa uzee baada ya miaka minane, na Bwana Chupa alijua, maana aliona manyoya yametandazwa juani. Angeweza kurudi chini ya daraja Jumanne ileile. Alisimama darajani na chupa yake, akawaza jinsi majibu yatakavyoruka juu, na mkuu atakavyouliza kumetokea nini, na atakavyojibu. Akapanda juu ya mfereji kama kawaida. Na kwenye daftari, kwa kuwa hakupata neno jingine la kuandika, aliendelea kuandika "Bata" kwa miaka kumi na mmoja mingine, hali bata mwenyewe alishaliwa na kusahaulika.

Hivyo ndivyo walivyofikia wakati wa Daktari.

Daktari alikuwa binti wa chuo kikuu, daktari wa maji si wa watu, ingawa mlinzi wa getini alishamwonyesha goti lake mara mbili. Alikuja kuandika mpango mpya wa matumizi ya mto, ule ambao bodi ya maji ingeupitisha ili mji ujue wapi pa kulinda, wapi pa kufua na wapi pa kuvuta maji ya bomba. Aliyapenda madaftari ya Bwana Chupa kama vitu vitakatifu. Aliomba ruhusa kabla ya kuyafunua, na alinawa mikono. Katika miaka yote ishirini na saba hakuna aliyewahi kumheshimu mzee wa watu namna hiyo, na Bwana Chupa alianza kuvaa tai.

Miezi mitatu kabla ya kustaafu kwake, Jumatatu asubuhi, Daktari alimwita chumbani kwake. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa yenye mstari mwekundu. Mstari ulikwenda juu miaka minane, halafu ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, ukabaki chini hadi leo.

"Mzee, hiki ni kituo chako namba nne," alisema, macho yanamng'aa. "Miaka kumi na tisa iliyopita palitokea kitu. Nimekitafuta miaka mitatu, na nimekipata. Unajua ni nini?"

Bwana Chupa alijua.

"Ni matete!" Daktari akasema. "Yamesimama katikati ya mfereji na kituo. Yameota, yamekomaa, yanachuja uchafu wote wa machinjio. Mto unajisafisha wenyewe, mzee wangu! Kule namba tano maji yanachafuka tena, lakini hapo ni soko, wauza mboga wanatupa kila kitu mtoni. Ndiyo maana walihamishwa mara mbili."

"Wauza mboga," alirudia Bwana Chupa kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

"Sasa sikiliza. Alhamisi bodi inapitisha mpango. Pampu ya maji ya upande wote wa mashariki itawekwa palepale namba nne, chini ya daraja. Hakuna haja ya mtambo mkubwa wa kusafisha. Dawa kidogo tu, yatosha. Matete yamefanya kazi. Na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza."

Alimfunulia ukurasa wa kwanza, na kweli jina la kwenye kitambulisho lilikuwapo. Safari hii hakugeuka nyuma. Halafu alimfunulia ukurasa wa arobaini na mbili, ambao ulikuwa na mchoro mwingine, mstari ulionyooka kabisa, bila kupanda wala kushuka.

"Na hili limenifurahisha zaidi," Daktari alisema. "Kila mwezi umehesabu ndege wa majini. Miaka kumi na tisa, bata mmoja, hakupungua hata mwezi mmoja. Hiyo ni dalili kubwa ya afya ya mto."

Bwana Chupa aliomba ruhusa kwenda haja.

Jioni hiyo alikaa sebuleni chini ya hati yake ya shukrani, ameshika tama, chai imepoa mbele yake. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyejua habari za bata, kwa kuwa ndiye aliyempaka dawa ya paja, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuzitaja bila kucheka. Alipoambiwa kuhusu matete alicheka mpaka akakalia nguo alizokwisha kukunja. Alipoambiwa kuhusu ndege wa majini alilia kwa kicheko. Alipoambiwa pampu itawekwa wapi, aliacha kucheka.

"Upande wa mashariki wote?"

"Wote."

"Anakokaa mwanao."

"Najua anakokaa."

"Na yule mtoto mchanga, maziwa yake yanachanganywa na maji ya bomba."

"Mama watoto, nimesema najua." Akakisogeza kikombe cha chai. "Labda matete yanachuja kweli. Yale ni mengi. Labda hata chini ya daraja maji ni mazuri siku hizi."

"Basi chota uje umnyweshe mjukuu wako, nikuone."

Bwana Chupa alitazama fremu ukutani.

"Nimebakiza miezi mitatu," akasema mwishowe. "Miezi mitatu tu, niondoke na heshima yangu."

"Baba watoto," mkewe alisema, na sasa hakukuwa na mzaha sautini, "mimi nimeishi na wewe na heshima yako kwa miaka thelathini. Kama inamwogopa bata aliyekufa, si heshima hiyo."

Kesho yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Bwana Chupa alifika maabara kabla ya wafagiaji, kisanduku begani, bila tai. Daktari alipofungua mlango wa chumba chake alimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni na daftari la sita magotini, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mwaka ule.

Alieleza kila kitu. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi nyuma, akisahau paja kisha akilikumbuka bila sababu. Alieleza bata, mfereji, barua ya pongezi ya mkuu, manyoya juani. Alipomaliza, Daktari alinyanyuka akausogelea mstari mwekundu, akaweka kidole pale unapoporomoka.

"Huyu ni bata," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimekaa miaka mitatu. Nimeandika kurasa thelathini kuhusu matete."

"Ni matete mazuri," Bwana Chupa alisema kwa unyonge.

Daktari alikaa chini tena. Ilionekana atalia, kisha ilionekana atamrushia mzee wa watu kikombe, kisha hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa nini hukuandika mahali popote?"

"Niliandika," akasema Bwana Chupa, akamsogezea daftari. "Kila mwezi. Tazama pambizoni. Juu ya mfereji, bata. Sikuwahi kulidanganya daftari. Fomu ndiyo haikuwa na nafasi."

Daktari alisoma. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Alikuwa ameyasoma maneno hayohayo kwa miaka mitatu, na akili yake yote ya chuo kikuu ilikuwa imeruka "juu ya mfereji" ikaenda moja kwa moja kuhesabu ndege. Uso ukamwiva. Kumbe na yeye, tangu afike, alikuwa amekwenda mtoni mara moja tu, akapiga picha ya matete kutoka ng'ambo, akarudi kwenye meza yake. Hakuwahi kulowa hata ukucha. Lazima alilifikiria hilo, kwa sababu hakumgombeza mzee zaidi. Alichukua simu akampigia mkuu wa bodi, akamwambia mambo ya pampu yaondolewe kwenye ajenda ya Alhamisi. Mkuu aliuliza kisa. Daktari akamtazama Bwana Chupa, akavuta pumzi.

"Kituo namba nne hakijapimwa kwa miaka kumi na tisa," alisema. "Hapana, mkuu, si uzembe wangu. Ndiyo, mkuu, ni wangu pia. Tunakwenda kukipima sasa hivi." Akakata simu, akavua viatu vyake vya visigino. "Twende, mzee. Kuna buti za kunitosha?"

Walishuka mtoni pamoja, yeye na buti za mtu wa maabara zilizomzidi mguu, Bwana Chupa na kisanduku chake. Walipofika darajani Bwana Chupa alisimama. Tangu miaka ile hakuwahi kuvuka upande ule. Dobi alikuwapo, mzee sasa, ameinama kwenye beseni, na miguuni pake alitembea bata bukini mweupe, kilembwe wa marehemu, mwenye shingo ileile na chuki ileile ya kurithi.

"We kijana," dobi alisema bila kushangaa, ingawa kijana alikuwa na mvi kichwa kizima. "Leo umekuja huku chini. Umepotea?"

"Nimekuja kuchota maji, mama."

"Miaka kumi na tisa naona unachota kule juu."

Bwana Chupa aliweka kisanduku chini. "Ulikuwa unaniona?"

"Kwani mimi kipofu? Unachota kule, mimi nateka hapa, halafu unanipigia kelele maji mazima. Mazima yapi? Yako au yangu?" Alikamua shati, akalikung'uta. "Mimi nikachemsha. Kila siku, kila ndoo, mpaka leo. Nikasema, mtu anayemkimbia bata wangu, nikimwamini kwa maji ya kunywa, mwenye kosa ni mimi."

Daktari aligeuka upande akakohoa, na hakuwa na kikohozi. Bwana Chupa mwenyewe alitaka kucheka, moyo ukawa mwepesi kidogo, akasema, "Afadhali, mama. Afadhali ulichemsha."

"Mimi nilichemsha," dobi akasema. Akanyoosha kidole kilichokunjamana kwa sabuni kuelekea safu ya nyumba zilizofuata kando ya mto, milango saba au minane, nguo za watoto zimeanikwa mbele yake. "Wale walikuamini. Walisikia bwana wa serikali anasema mazima. Watoto wao wanaumwa matumbo kila mwaka, wao wanasema ni matunda mabichi."

Bwana Chupa alizitazama zile nguo, fulana ndogondogo zisizomfika hata mtu mzima kiwiko, na ule wepesi kidogo alioupata moyoni ukatoweka. Aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya fremu na kurasa za kwanza. Alikunja mikono ya shati, akatoa chupa, akaifungua, akaingia majini.

Bata alimngojea afike magotini. Kisha akaja, mabawa wazi, shingo chini, kama alivyokuja babu wa babu yake, akamuuma palepale pa zamani. Bwana Chupa alifumba macho, akauma meno, wala hakuutoa mkono majini. Aliishikilia chupa chini, mdomo ukielekea juu ya mto, hadi ikajaa, akaifunga, akamkabidhi Daktari. Ndipo alipotoka, akichechemea, na Daktari akaandika lebo kwa mkono wake mwenyewe.

Dobi alikuwa ameacha kufua. Alimtazama akifunga kisanduku, akauliza kama alivyouliza kila mwezi, ila safari hii bila kupaza sauti, maana walikuwa hatua mbili tu.

"Haya, kijana. Maji mazima?"

Bwana Chupa alifungua mdomo, na jibu la miaka kumi na tisa lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Sijui, mama," akasema. "Mpaka keshokutwa asubuhi. Nitakuja mwenyewe nikwambie. Na wale nao, mlango kwa mlango."

"Uje hadi hapa uani?"

"Hadi hapo uani."

"Bata atakuwepo."

"Najua," alisema Bwana Chupa, akatoa daftari mfukoni, akalowanisha ncha ya kalamu kwa ulimi, akaandika pambizoni: "Chini ya daraja. Bata."